Tuliouguza watoto wenye kansa tuje hapa tuongelee chakula, cha mtoto na cha anayekaa naye wodini

#1 Fundi Randa

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimeuandika kidogo kidogo nikiwa karakana tangu juzi, nikipata mteja naacha.

Binti yangu alikutwa na uvimbe kwenye figo mwaka jana akiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa, ile wanayoita Wilms. Tumbo lilianza kujaa upande mmoja, bibi yake akasema bandama, jirani akasema minyoo, kituo cha kwanza tulichoenda wakatupa dawa ya minyoo tukarudi nyumbani. Tumekaa kama wiki tano hivi ndo siku mama yake anamuogesha akashika kitu kigumu ubavuni, kigumu kama embe bichi. Hapo ndo tukaanza mbio, Songea wakapiga picha ya tumbo, tukapewa rufaa ya Dar.

Mke wangu alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue kwa upasuaji, hawezi kusafiri, kwa hiyo nikaenda mimi na dada yangu mkubwa, shangazi yake mtoto, maana wanaume hatulali wodi ya watoto. Dada analala wodini kwenye kanga pembeni ya kitanda, mimi nalala Mbagala kwa fundi mwenzangu, napika alfajiri napanda daladala na kikapu. Kwa hiyo haya ninayoongea nimeyapika kwa mkono wangu.

La kwanza nililojifunza ni kwamba mzani unadanganya. Siku ya kwanza alisoma kilo 14.1, nikashukuru Mungu nikasema angalau hajakonda. Afisa lishe ile namba hata hakukaa nayo. Akatoa utepe wenye rangi tatu akamzungushia mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, ukasoma sentimita 11.3, nyekundu. Akaniambia baba, hizo kilo sio zote za mtoto, nyingine ni za uvimbe. Akampandisha gauni nyuma nikaona mwenyewe, mabega mifupa mitupu, makalio yamekunjamana kama ya mzee. Mi nilikuwa naangalia tumbo na mashavu tu miezi yote ile.

Sasa akaanzishiwa dripu za kemo (dawa za kansa) kabla ya upasuaji ili uvimbe unywee. Wiki ya nne anapimwa, kilo 12.9. Wakuu nilikaa kwenye benchi miguu haina nguvu, nikasema mtoto ndo anaisha huyu. Yule afisa lishe akaleta tena utepe: 12.0, tumeshatoka kwenye nyekundu tuko njano. Akasema uvimbe umepungua, mtoto ameongezeka. Kuanzia siku ile sijauliza tena kilo, nauliza mkono.

Kumlisha kwenyewe sasa. Mwanzo nilikuwa napika uji mwepesi najaza bakuli kubwa, anakunywa vijiko vitatu anageukia ukutani. Yaani tumbo lenyewe lina uvimbe ndani, nafasi ya chakula iko wapi? Nikafundishwa kupunguza wingi na kuongeza uzito. Uji wa ulezi kikombe kile cha chai, ndani yake maziwa badala ya nusu ya maji, kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, karanga za kusagwa kijiko, sukari kidogo. Kikombe hicho kimoja kinashinda bakuli zima la ule uji wangu wa mwanzo. Na anapewa kila baada ya saa mbili hivi, sio kusubiri saa saba mchana eti muda wa chakula umefika. Akitapika, mfute, asukutue, subiri nusu saa, jaribu tena kijiko kimoja kimoja. Kuna siku tumetumia saa nzima kwa kikombe kimoja, dada anamhesabia, la kuku, la mbuzi, la babu, na la babu ndo lilikuwa haliishi.

Kuna dawa moja inaitwa vinkristini, inafunga choo hatari, na taya zinauma. Mtoto akikataa kula siku mbili tatu baada ya ile dripu usimgombeze, mwambie daktari. Sisi papai na maji ya kutosha vilisaidia kiasi, ila walituongezea na dawa ya kulainisha.

Kosa langu pia niliseme ili mwingine asilirudie. Nilikuwa naweka uji kwenye chupa ya chai tangu saa kumi na moja alfajiri, tunautumia mpaka alasiri. Siku moja Dar joto lile mnalijua, uji ukachacha, ulezi una uchachu wake wa asili hatukugundua. Usiku akaharisha na homa ikapanda, na zilikuwa siku ambazo seli nyeupe, askari wa mwili, zimeshuka. Walimkimbiza kwenye dawa za dripu usiku huohuo, akakaa siku sita hajainua kichwa. Toka hapo naleta unga na maziwa, unapikwa palepale kwenye jiko la wanaouguza, ukikaa zaidi ya saa mbili unamwagwa hata kama inauma.

Sasa lililonifanya niandike uzi huu hasa ni dada yangu.

Dada ni mtu wa kusema nimekula. Umekula dada? Nimekula. Mi naamini, naondoka zangu kutafuta kibarua. Siku ya kumi na nane akadondoka kwenye foleni ya majibu ya damu, chini kwenye sakafu, na faili la mtoto mkononi. Kumpima sukari iko chini, presha iko chini. Kumbe siku zote zile anakula anachobakiza mtoto. Mtoto akiacha nusu kikombe dada ndo kala. Na zile siku mtoto anamaliza chakula chote, sisi tunapiga makofi, nampigia mama yake simu kamaliza kamaliza, ndo siku dada analala njaa.

Hiyo kitu sijaweza kuisahau. Tunapiga hesabu ya chakula cha mgonjwa, ya dawa, ya nauli, mtu anayemshika mtoto usiku kucha hayupo kwenye hesabu yoyote. Naomba wenye uzoefu mje mseme mlifanyaje, vyakula, hela, na huyo anayekaa wodini alikula nini.


#2 Binti Rufiji

Pole sana kaka, na huyo dada yako Mungu amlipe. Mimi nina mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka mitano, kansa ya damu, yupo mwezi wa pili wa dawa. Shida ya sasa hivi ni vidonda mdomoni, hata mate hamezi vizuri, anayaacha yatiririke. Nimemletea chungwa akalia mpaka nikalia na mimi. Mliwapa nini jamani?


#3 Mama Kulwa

Binti Rufiji mdogo wangu, chungwa weka pembeni kabisa, na ndimu, nanasi, nyanya, pilipili, vyote hivyo vinachoma. Mimi wa kwangu ana kansa ya damu pia, tunatibiwa Mwanza, tuko mwaka wa pili sasa.

Kilichonisaidia ni kuomba dawa ya maumivu apewe kama nusu saa kabla ya kula, maana nilikuwa nahangaika na chakula kumbe tatizo ni maumivu. Waambie manesi wazi, wasipojua hawawezi kukusaidia. Halafu maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo asukutue mara nyingi, asimeze. Chakula kiwe cha baridi au vuguvugu, kisiwe cha moto. Mtori ulainike kabisa, ndizi na nyama vipondwe na maziwa mpaka mtu asijue kipi ni kipi, acha upoe, mpe kwa mrija au kijiko kidogo kile cha plastiki, cha bati kinagonga vidonda. Parachichi na maziwa vilikuwa vinapita. Mtindi wa dukani wa pakiti ulipita pia, ila usinunue maziwa mtindi ya ndoo ya barabarani.

Akishindwa kabisa siku mbili usiogope mpira wa puani. Mimi niliukataa wiki nzima, niliona kama ndo mwisho wake. Walipouweka mtoto akapata chakula usiku akiwa amelala, siku ya nne akaniomba chipsi. Ule mpira natamani ningeukubali mapema.

Na kingine muulize daktari wako kabla hujampa dawa yoyote ya kuongeza damu ya duka la dawa. Mimi nilinunua sharubati yenye foliki, bahati nzuri nikamwonyesha daktari chupa, akaniambia hapana mama, kuna dawa yake moja ya kansa inaitwa methotrexate, hiyo foliki inaenda kupingana nayo.


#4 Lishe Kwanza

Nimesoma post ya Fundi Randa mara mbili. Mimi ni kada ya lishe, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka kadhaa, nisingependa kutaja wapi.

Hilo la mzani na mkono ni kweli tupu. Watoto wenye uvimbe mkubwa tumboni, figo, ini na nyinginezo, uzito unaficha ukondefu. Ndo maana tunapima mzunguko wa mkono. Kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri, ukizidi hapo ni kijani. Mzazi anaweza kufundishwa kupima mwenyewe, haichukui dakika tano. Mtoto anayeingia kwenye kemo akiwa amekonda anaumizwa zaidi na dawa, anapata maambukizi kirahisi, inabidi dozi ziahirishwe, na dozi zikiahirishwa kansa haisubiri. Wilms kwenye nchi tajiri inapona kama asilimia 90. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye kansa duniani wawe wanapona. Hiyo namba kwetu haifikiki kwa dawa peke yake huku mtoto mkono wake ni 11.

Kuhusu mafuta, gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kwenye uji ni kama kalori 120 na hakijazi tumbo. Fundi hapo ulielekezwa vizuri sana.

Karanga chagueni moja moja kabla ya kusaga. Iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye rangi isiyoeleweka, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Tunakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walifariki kwa mahindi yenye sumukuvu. Na huu mtindo wa uji wa lishe wenye nafaka saba, mchele, ngano, mtama, soya, karanga, vyote vinasagwa pamoja vinakaa kwenye ndoo mwezi mzima, mimi siupendi. Nafaka moja au mbili zinatosha, karanga au dagaa wa kusaga weka wakati wa kupika.

Tahadhari moja kubwa. Mtoto aliyekonda sana, ambaye hajala siku nyingi, msimshindilie chakula kingi kwa siku moja kwa huruma. Madini kwenye damu yanayumba ghafla na moyo unaweza kusimama. Hospitali tunaanza taratibu na maziwa maalumu ya F-75 kidogo kidogo usiku na mchana, akitulia ndo tunapanda F-100 au zile pakiti za karanga.

Na hapo kwenye pakiti ndo nataka niseme kitu. Pakiti moja ni gramu 92, kalori kama 500, ni ya mtoto mgonjwa, tunaihesabu kama dawa. Kulikuwa na mtoto hapandi uzito. Wiki ya kwanza hapandi, ya pili hapandi, pakiti zinaisha. Nilimfokea mama yake mbele ya wenzake, nikamwambia unauza. Usiku ule nilikuwa zamu nikapita na tochi nikamkuta amekaa sakafuni amegeukia ukuta, anakamua pakiti mdomoni mwake. Hakukimbia wala hakuficha. Akasema nesi nina mimba ya miezi mitano, sijala tangu jana asubuhi. Alikuwa ananiita nesi. Nilikaa naye pale chini. Kesho yake nilimuomba msamaha mbele ya wale wale niliomfokea mbele yao.

Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa mzazi ni wewe umekula nini leo, na sikubali jibu la nimekula, namwambia nitajie.


#5 Kobe Mzee

Mimi nina tofauti kidogo na wachangiaji. Kansa inakula sukari, hiyo ipo wazi. Mtoto mkimjazia uji wenye sukari na maziwa mnailisha kansa. Mtoeni kwenye sukari, mpeni maji ya majani ya mstafeli asubuhi na jioni, na tunda lenyewe. Kuna watu wamepona kwa mstafeli hospitali zimeshindwa. Nasema kwa nia njema.


#6 Fundi Randa

Mzee wangu shikamoo, naamini unasema kwa nia njema, na mama yangu mzazi aliniambia hivohivo na akanitumia majani kwa basi. Ila naomba nikujibu kama baba. Binti yangu ametolewa figo moja. Amebaki na moja, hiyohiyo iliyokuwa inachuja dawa kali za kansa kila wiki. Sasa ningeichukua hiyo figo moja niiongezee majani ambayo hakuna anayejua kipimo chake? Niliyarudisha majani kwa heshima, nikamwambia mama niombee tu.

Sukari tuliacha siku tisa mwanzoni kwa maneno hayohayo. Mtoto alikosa nguvu hata ya kukaa.


#7 Lishe Kwanza

Mzee, seli zote za mwili zinatumia sukari, za ubongo, za moyo, za kansa. Ukimkatia mtoto wanga, mwili unayeyusha misuli yake yenyewe kutengeneza sukari, kansa inapata, mtoto anakosa. Ninachokataza ni soda na juisi za boksi kuwa ndo mlo, kwa sababu zinashibisha na hazijengi. Mstafeli umejaribiwa kwenye vichupa vya maabara, mtoto sio kichupa. Tunda lililoiva, lililooshwa na kumenywa vizuri, siku ambazo seli zake ziko sawa na vidonda hamna, ale kama tunda. Majani hapana. Na yeyote ambaye tayari ameshampa mtoto kitu chochote cha asili, mwambie daktari bila kuogopa kufokewa.


#8 Kobe Mzee

Nimekuelewa binti yangu. Nilikuwa sijajua habari ya figo. Mungu amponye huyo mtoto.


#9 Jirani wa Eldoret

Hamjambo majirani, mimi ni wa Kenya, niko Eldoret. Kijana wangu alikuwa na Burkitt ya taya, ile kansa daktari Denis Burkitt aliandika habari zake mwaka 1958 akiwa Kampala, ya huku kwetu kwenye malaria. Taya ilifura mpaka meno zikaanza kucheza, hawezi tafuna kitu. Nilikuwa nachemsha omena (nyinyi mnaita dagaa) natoa vichwa, nasaga na viazi na maziwa, nachuja. Harufu ilikuwa inamfanya atapike mwanzo, ikabidi niwe naipoesha kwanza mbali na kitanda, nakuja nayo kama imefunikwa. Ndengu pia nilisaga. Mala (mtindi) ilimsaidia sana, ile ya pakiti.

Dawa ilifanya kazi haraka, kwa wiki mbili taya ikarudi. Lakini huo wakati chakula ya hospitali ilikuwa inakuja ugali na sukuma, mtoto hana taya ya kula ugali. Kwa hivyo mimi nilikula ugali yake, yeye akala vile nimesaga. Hivo ndo tulisaidiana. Huyo dada amenigusa sana kwa sababu mimi nilikuwa na bahati ya ile sahani.


#10 Mama Kulwa

Nimerudi. Niliongelea mdomo, sijaongelea upande wa pili, maana wenye kansa ya damu mnapewa zile dawa za steroidi, prednisolone au dexamethasone. Hapo shida inageuka. Mtoto anaamka saa nane usiku analia ugali. Anakula, baada ya saa moja anataka tena. Uso unavimba kama mwezi, watu wanasema amenawiri, wakati miguu yake imekuwa myembamba hapandi ngazi. Nilimficha chumvi, hakuna bisi za pakiti wala supu ya mchuzi wa unga, nikamchemshia mahindi, mayai yaliyoiva mpaka kiini kigande, maharage, viazi vitamu. Akiwa na kiu sana na anakojoa kila saa, mwambieni daktari, sukari inaweza kupanda.

Ila ninachotaka kusema hasa ni waliobaki nyumbani. Mnaongelea wodini, nyumbani nilikuwa nimeacha mapacha wa miaka saba na baba yao. Mahindi yaliuzwa gunia la kwanza kwa nauli, la pili kwa vipimo, mbuzi wote wanne wakaondoka. Simu nikipiga naambiwa tuko salama. Niliporudi baada ya miezi mitatu nikamshika Kulwa mkono, jamani, nilipitisha vidole vyangu vikakutana. Mlo mmoja kwa siku, hakuna aliyeniambia, hawakutaka nirudi kabla dawa hazijaisha. Nilikaa nyumbani wiki mbili zaidi ya tarehe ya kurudi hospitali kwa sababu yao. Nilijua kabisa ni kosa. Nilikuwa nachagua mtoto yupi.

Wale wanaosema wazazi wa vijijini wanatoroka na watoto hospitalini kwa ujinga, waje waulize nyumbani kulikuwa na unga kiasi gani.

Sisi tuliokolewa na afisa ustawi wa jamii wa hospitali aliponipigia simu kuuliza mbona hatujaja, nikamweleza bila kuficha, wakatutafutia nauli na unga kilo kadhaa za nyumbani. Simu ile ingechelewa mwezi mmoja nisingekuwa naandika hapa. Kwa hiyo mkifika hospitali, siku ya kwanza kabisa ulizeni ustawi wa jamii yuko chumba gani, msisubiri mkwame. Na wanaopelekwa Muhimbili waulizie Tumaini la Maisha, hao wanashirikiana na hospitali kwenye matibabu ya kansa za watoto, na familia zinazotoka mikoani wana sehemu ya kuzihifadhi.


#11 Mtumishi wa Jumuiya

Nimelia kwa Mama Kulwa. Sisi jumuiya yetu huwa tunatembelea wodi ya watoto kila baada ya miezi mitatu, huwa tunapeleka juisi za boksi, biskuti, pipi, soda na sabuni. Kwa hiki ninachokisoma naona kama tulikuwa tunakosea. Jumamosi ya wiki ijayo ndo zamu yetu, bajeti ipo ndogo. Tupeleke nini?


#12 Fundi Randa

Hamjakosea mtumishi, siku mtoto wangu alipopewa puto na pipi na wageni alicheka, na kicheko kile tulikihitaji. Ila kwa hela hiyohiyo, ningekuwa mimi ningefanya hivi.

Kabla ya kununua chochote pigeni simu wodini, ongeeni na sista kiongozi au afisa lishe, kuna vitu haviruhusiwi na kuna watoto wana masharti. Halafu mafuta ya kupikia, yale ya lita moja moja, ili kila mama apate lake. Mayai trei. Maziwa ya pakiti yasiyohitaji friji. Unga wa ulezi uliosagwa karibuni, unga wa sembe na maharage kwa wanaouguza, hayo ya wakubwa wenyewe wayale wao. Gesi, sisi jiko la wanaouguza mtungi ulikuwa unaisha katikati ya wiki na kila mtu anamwangalia mwenzake. Chupa za chai ndogo, vikombe vyenye mfuniko. Mrija wa kunywea ule wa kawaida, pakiti yake bei ndogo, kwa mtoto wa vidonda ni kitu kikubwa mno. Vocha za simu, mama apige nyumbani aulize wamekula nini.

Na mkibakiwa na kidogo, wekeni hela mkononi kwa ustawi wa jamii iwe ya nauli za kurudi kliniki.

Wakati mnagawa, msimpe mtoto tu halafu mkapiga picha mkaondoka. Mkalieni yule mama dakika tano. Leteni hata hotpoti moja ya wali na maharage ya moto, aleni nao palepale. Dada yangu anasema katika siku zote mia na kitu alizokaa Dar, siku anayoikumbuka ni ya mama mmoja wa kiislamu aliyekuja na sinia la pilau mwezi wa Ramadhani jioni, akakaa nao sakafuni akasema kuleni kwanza nyie, watoto nitawashika mimi.


#13 Binti Rufiji

Mrejesho. Dawa ya maumivu kabla ya kula wamekubali kumpa. Jana mtori nusu kikombe kwa mrija, leo asubuhi kikombe kizima kasoro kidogo. Homa hana. Sista amenionyesha kupima mkono, ila amesema yeye ana miaka mitano kamili wataangalia na uzito kwa urefu wake pia.

Na mimi Lishe Kwanza umenifanya nijibu swali lako. Jana nilikula chai na andazi asubuhi basi. Leo nimekula wali maharage saa saba.


#14 Lishe Kwanza

Kesho nitakuuliza tena hapahapa.


#15 Fundi Randa

Wakuu asanteni, sikutegemea uzi ungefika huku. Kuna walionifuata inbox kuuliza hali ya mtoto. Alimaliza dripu ya mwisho mwezi wa tatu, sasa anaenda kliniki kila baada ya miezi mitatu kupigwa picha ya tumbo na kifua. Wiki iliyopita kilo 14.6, hizi zote zake mwenyewe. Mkono nilimpima jana jioni mlangoni kwa karakana na utepe waliotupa, 13.8. Alininyang'anya akasema na yeye anampima shangazi, dada alikuwa anapepeta mchele, akamzungushia mkononi utepe haukufika, akakasirika akasema shangazi umeshiba sana.